Nilivyogeuka Kikojozi

Binti yangu ni dobi wa hoteli. Mashuka anayofua kwa wiki moja yangeifunika dunia yote na ncha zikaning'inia. Lakini mwanawe hana cha kufunga matakoni.

Kwenye kituo anacholelewa mjukuu wangu, sharti ni pampasi nne kila asubuhi, la sivyo mtoto hapokelewi. Mimi macho yamechoka, mtoto akitambaa simwoni. Na binti alishaambiwa na msimamizi wake: ukikosa siku moja tena, usirudi.

Tukawa tunaanika juani zilizolowa na kumvisha tena. Akatoka vipele. Mama wa kituo akavigundua.

"Kesho nne mpya, au mkae naye wenyewe."

Nikaenda ofisi ya misaada kuomba pampasi za mtoto.

"Mama wa mtoto yuko wapi?" karani akauliza.

"Ndiye mimi."

"Bibi! Wewe?"

"Nilichelewa kuzaa, mwanangu. Foleni ilikuwa ndefu."

Alicheka, lakini kicheko hakigongi mhuri. "Za watoto zimeisha. Zimebaki za wazee wasiojizuia."

Mimi huyu, niliyewahi kubana siku tatu juu ya lori lililokwama, wanaume wazima wakanipigia saluti!

"Basi niandike," nikasema. "Kikojozi."

"Tangu lini?"

"Tangu uliposema zimebaki za wazee."

Akaandika bila kuinua uso. Nikatia dole gumba.

Nyumbani nikashika mkasi. Ya mzee mmoja ilitoa mbili za mtoto, nikashona kingo kwa kupapasa, pamba isimwagike. Mama wa kituo kuhesabu anajua, kutazama mshono hajui. Zikapita. Binti hakukosa kazi hata siku moja.

Kumbe majina ya waliopewa hubandikwa mlangoni, na ugonjwa wa kila mtu pembeni. Mimi sijui kusoma. Nilisomewa na jirani, wala hakunong'ona. Sasa nikienda kuwasalimu watu, kiti changu kinatandikwa mfuko wa plastiki kwanza. Nacheka nao. Nikifika kwangu, sicheki.

Juzi binti akasema, "Mama, nenda wakakufute. Wananicheka mpaka kazini."

"Nikifutwa, mtoto atavaa nini?"

Alitia pampasi nne kwenye mfuko, akambeba mwanawe mgongoni hadi kituoni, akaenda kufua mashuka ya watu wazima wanaokojoa na hawaandikwi popote.