Bia Iliyomwagwa Kila Kiangazi

Mzee Désiré aliisogeza glasi puani, akafumba macho, akavuta pumzi ndefu.

Akasema hiyo ndiyo bia bora kuliko zote zilizowahi kupikwa kijijini kwetu.

Sisi wa benchi la mbele tulikuwa tumeziba pua.

Sitanii. Glasi ilikuwa inanuka kama zizi la nguruwe baada ya mvua. Mtoto wa mwokaji mikate alianza kutapika pale pale, mama yake akamkokota pembeni. Na mzee bado anatabasamu, povu kwenye masharubu, anatuambia eti tusikie harufu ya majani makavu na maganda ya machungwa.

Ngoja nianzie mbali kidogo, maana ukiishia hapo utacheka. Na hii siyo ya kucheka.

Huku kwetu mkoani Hainaut, kila shamba kubwa zamani lilikuwa na bia yake. Inapikwa kwenye baridi, wakati hakuna kazi shambani, inalazwa, halafu inanywewa kiangazi na vibarua wa mavuno. Wenyewe tunaiita saison, yaani bia ya msimu. Ikipikwa vizuri inakuwa kavu, haina utamu wa kubembeleza, povu linasimama kama pamba, na inakuwashawasha kooni kama umetafuna pilipili manga. Mtu aliyetoka juani kuvuna anashusha glasi nzima, anafuta mdomo, anarudi shambani na nguvu zake.

Shamba la mzee Désiré Wattiez ndilo lililokuwa na saison ya kutisha. Watu walitoka mjini Tournai kuifuata.

Siri ilikuwa hamira. Bibi yake ndiye aliyeianzisha, na tangu hapo haikufa. Kila wakipika wanabakiza kidogo, wanailisha, wanaitunza kwenye chumba cha ubaridi nyuma ya ghala. Ufunguo wa chumba hicho mzee aliuvaa shingoni, chini ya shati. Alikuwa anaoga nao.

Mtoto wake mmoja tu, Ghislain. Mpole, mikono mikubwa, maneno ya kuhesabu.

Ghislain akamwoa Nadège, binti wa Charleroi, baba yake alikuwa mchimba makaa ya mawe. Mzee hakumpenda toka siku ya kwanza.

"Pua yako imejaa masizi, binti," alimwambia mbele ya wageni wa harusi. "Usikaribie mapipa yangu."

Watu wakacheka. Nadège naye akacheka, akidhani ni utani.

Haukuwa utani.

Basi, vuli moja, mzee akaanguka kutoka juu ya tela la viazi sukari. Akajigonga kisogo. Alilazwa hospitalini muda mrefu, akarudi na kovu na hasira. Akatangaza kwamba yeye hapiki tena.

"Atapika Ghislain, hamira nitamtolea mimi. Mimi nitaonja. Siku ulimi wangu ukikubali, nitampa ufunguo."

Tukaona ni haki. Mzee ana ulimi wa dhahabu, nani abishe?

Ikafika sikukuu ya kijiji, ile tunayoiita ducasse. Asubuhi misa, mchana mpira wa mkono uwanjani, sungura wa kupikwa na plamu, na kabla ya yote mapipa ya Wattiez yanapangwa mbele ya kanisa. Mzee akapanda jukwaani, akamiminiwa glasi ya kwanza ya mwanawe. Akainusa. Akanywa funda moja.

Akaitema.

"Ng'ombe akikojoa kwenye ndoo," alisema, "anatoa kitu chenye maana kuliko hiki."

Akaamuru mapipa yafunguliwe, bia yote iende mtaroni.

Yote, jamani. Kazi ya msimu mzima wa baridi. Ghislain ndiye aliyeshika nyundo akang'oa vizibo mwenyewe, pipa baada ya pipa, huku povu jeupe linashuka na barabara mpaka kwa muuza nyama.

Mwaka wa pili, hivyo hivyo. Wa tatu, hivyo hivyo, ila matusi yakaongezwa chumvi.

"Mama yako alikufa mapema," mzee alimwambia kwenye kipaza sauti, "Mungu alimwonea huruma asiyaone haya."

Ghislain alikuwa anatazama viatu vyake tu.

Nyumbani Nadège alikuwa anawaka moto. "Mjibu! Wewe ni mwanaume au gogo?"

"Mwache," Ghislain alisema.

"Bia yako ni nzuri. Nimeionja mimi."

"Najua ni nzuri. Mwache."

Nadège hakuelewa. Akamwona mumewe mwoga. Alikuwa anapika naye usiku na mchana, mikono imeungua mvuke, halafu kila kiangazi wanavuliwa nguo mbele ya kijiji. Akaanza kumchukia mzee kwa chuki ile ya kimya, unayolala nayo na kuamka nayo.

Mwaka wa nne, mwezi mmoja kabla ya sikukuu, akapanda kwenye banda la njiwa kumpelekea mzee chakula. Mzee ana njiwa wa mashindano, huko ndiko anashinda.

Alipofungua mlango tu, nusura aanguke. Njiwa alikuwa amefia chini ya benchi, ameoza, funza wanatembea. Harufu ilikuwa inakaba koo.

Na mzee amekalia benchi hilo hilo, anasoma gazeti.

"Weka hapo," alisema. Akachukua mkate na soseji, akala. Anatafuna taratibu, kama yuko bustanini.

Nadège akashuka ngazi polepole.

Hakutaka kubahatisha. Jumapili iliyofuata akachukua kipande cha jibini, lile letu la kunuka ambalo hata mbwa anageuza shingo, akalisugua ndani ya kofia ya mzee. Mzee akaivaa kwenda kanisani. Watu wa mstari ule walihama mmoja mmoja. Yeye akaimba mpaka mwisho, akadhani wamempisha kwa heshima.

Hapo Nadège akajua. Tangu aanguke, mzee hasikii harufu ya chochote.

Na bia bila pua ni nini? Ni maji machungu yenye gesi.

Kwa hiyo miaka yote hiyo alikuwa anamwaga bia asiyoijua.

Mwanamke mwingine angekwenda kumwambia mumewe. Nadège hakwenda. Alitaka kijiji kione chenyewe.

Nyuma ya boila la kuchemshia bia kulikuwa na kreti la chupa za zamani, alizozipika mzee kabla hajaanguka, zikasahauliwa kwenye joto mpaka zikaharibika. Nadège akafungua moja uani. Kuku wakakimbia.

Akaitwaa nyingine, akaifuta vumbi vizuri.

Siku ya sikukuu, mzee alipopanda jukwaani, Nadège akapanda nyuma yake na chupa mkononi. Watu wakageuka. Haijawahi kutokea.

"Baba," alisema kwa adabu zote, "kabla hujaonja ya Ghislain, nimepata chupa yako mwenyewe. Ya mwisho uliyoipika kwa mkono wako. Waambie watu saison ya kweli ikoje, ili mume wangu ajifunze."

Mzee akamtazama. Mara ya kwanza naona anamtazama yule binti bila kukunja uso.

"Kumbe una akili," alisema.

Kizibo kikaruka. Harufu ikatufikia kabla hata hajamimina. Omer muuza nyama, ambaye maisha yake yote yako kwenye matumbo ya nguruwe, alisema, "Mama yangu!"

Mzee akanusa. Mengine nimeshakwambia.

Ila sikukwambia kwamba aliendelea. Alikunywa nusu glasi na kuhubiri. "Sikilizeni! Majani makavu! Ganda la chungwa! Pilipili kidogo mwishoni! Hii ndiyo bia, Ghislain, siyo yale mavi yako!"

Mtu mmoja nyuma akaanza kucheka. Wakawa wawili. Uwanja mzima ukalipuka.

Mzee akasimama na glasi yake, anatugeukia huku na huku, haelewi. Halafu akamtazama Nadège. Nadège alikuwa anatabasamu.

"Endelea, baba," alisema. "Tuambie tena inanukaje."

Hapo mzee akaelewa. Nimeona watu wakifa, lakini sijaona uso ukizimika vile mtu akiwa amesimama.

Ndipo Ghislain alipofanya kitu ambacho hakuna aliyekitegemea.

Alipanda jukwaani, akachukua glasi mkononi mwa baba yake, akaipiga yote mpaka mwisho. Koo linapanda na kushuka, machozi yanamtoka kwa uvundo. Akaiweka chini.

"Baba yuko sahihi," alisema. "Ni bia nzuri."

Kicheko kikakatika.

Lakini Omer ni Omer. "Acha hizo, Ghislain! Pua ya mzee imekufa, tumeshaona wote!" Akaenda kwenye pipa, akafungua bomba bila ruhusa ya mtu, akajimiminia bia ya Ghislain. Akanywa.

Akajimiminia nyingine.

"Jamani," alisema taratibu, "hiki ndicho tulichokuwa tunamwaga?"

Watu wakayavamia mapipa. Mimi pia nilinywa, na nakwambia, tangu nizaliwe sijaonja saison kama ile. Kavu, kali, baridi, inanuka shamba la ngano lililokatwa asubuhi. Unameza, ulimi wenyewe unaomba tena. Watu walikuwa wanakunywa na kutukana kwa utamu.

Na mzee amekaa kwenye kiti jukwaani, peke yake, anatutazama tunavyokunywa. Hakuna aliyempelekea glasi.

Nadège akamkuta mumewe nyuma ya ghala, ameinama, anatapika.

"Umemsaidia ya nini?" akamfokea. "Alikuwa anakudhalilisha bila hata kujua anachoonja! Hasikii harufu, Ghislain! Mwongo yule!"

"Najua."

"Unajua nini?"

"Najua hasikii. Nimejua toka hospitali."

Ghislain akakaa chini, akafuta mdomo. "Nilikuwa naendesha trekta mimi. Aliniambia nisubiri ashuke kwenye tela. Nilikuwa na haraka. Sikusubiri."

"Ghislain..."

"Alipojua pua haitarudi, alinishika mkono pale kitandani. Akasema: umenichukulia bia yangu, na mimi nitakuchukulia yako. Utapika, nitamwaga, mpaka siku nitakayosikia harufu tena. Na usimwambie mtu."

"Na wewe ukakubali upuuzi huo?"

"Nilikuwa nalipa."

"Ungeniambia mimi!"

Ghislain akatikisa kichwa. "Ungefanya nini, Nadège? Si ungefanya hivi hivi."

Alisema bila hasira, na hiyo ndiyo iliyomuuma Nadège zaidi.

Kesho yake asubuhi wakiwa mezani, mzee akaingia jikoni, amenyoa, amevaa shati la kanisani. Akauvua ufunguo shingoni, akauweka kando ya kikombe cha mwanawe.

"Ulimi wa kijiji umekubali," alisema. "Chukua."

Akatoka kwenda kwa njiwa wake.

Ghislain akaunyakua. Akaenda mbio kwenye chumba cha ubaridi, Nadège nyuma yake. Wakafungua.

Mitungi yote ilikuwa wazi, inatoa mvuke. Mzee alikuwa ameimiminia maji yanayochemka. Hamira ya bibi yake, iliyovuka vita viwili, ilikuwa imeiva kama uji, imekufa.

Ghislain alifunga mlango kwa ufunguo, akapanda juu, akafungasha begi. Sasa yuko mjini Mons, anaendesha lori la vifaa vya ujenzi. Nasikia hagusi bia kabisa, hata wenzake wakimnunulia.

Unadhani imeishia hapo? Nadège ni mtoto wa mchimba makaa, hakati tamaa kirahisi. Alijua kwamba chini ya kila chupa ya saison hubaki mashapo, na ndani ya mashapo kuna hamira hai. Alikuwa ameficha chupa chache za mwaka ule. Akazimimina kwa uangalifu, akabakiza matope ya chini, akayalisha kimea na maji vuguvugu nyuma ya jiko, kama mtu anayelea kifaranga.

Ikaumuka.

Msimu wa baridi akapika mwenyewe. Na kiangazi akapanga mapipa mbele ya kanisa, mwanamke peke yake, bila mume. Watu wakanywa, wakamshangilia.

Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti cha magurudumu karibu na ukuta, miguu imeshamkataa. Nadège ndiye anayemlisha na kumwosha, hana mtu mwingine. Siku ile alimpelekea glasi. Mimi nilikuwa hatua mbili kutoka hapo.

Mzee aliishika kwa mikono miwili. Hakunywa. Alitazama povu kwa muda mrefu, kisha akauliza kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, ya mtu anayeomba:

"Mwanangu. Inanukaje?"

Hakuwahi kumwita mwanangu.

Nadège akainama mpaka sikioni kwake.

"Nzuri, baba," alisema. "Nzuri kuliko zote ulizowahi kupika."

Akanyooka, akaenda kuhudumia wateja. Mzee akabaki anageuza geuza glasi mpaka povu likaisha.

Wasomaji wangu, msiniulize nani mwenye haki hapo, maana wote watatu nawajua na wote watatu nimewaonea huruma kwa zamu. Ninachowaachia ni hiki: ukiona mtu anavumilia dharau bila kujibu, usikimbilie kumpigania mbele za watu. Mkalishe chini kwanza, umuulize analipa nini, na anamlipa nani. Nadège alishinda mbele ya kijiji kizima, na jioni analaza kichwa peke yake kwenye kitanda cha watu wawili, chini ya paa moja na mtu anayemchukia.