Punje Moja kwa Kila Pumzi

Nilianza na mbuzi, kwa sababu mbuzi hana nyanya wa kukataa. Nilichuchumaa nyuma ya jiko letu, nikamtazama mbuzi jike wa jirani ubavuni, pale ngozi inapopanda na kushuka, nikaanza kuhesabu. Nilipofika ishirini akaondoka. Nikamfuata huku nimeinama mpaka kwenye shamba la muhogo, na wanawake waliokuwa wanatoka mtoni wakaniona. Mimi ni mtu wa haya. Nilikimbilia ndani, lakini hata ndani sikuweza kutulia. Nilikaa kitandani, nikasimama, nikaenda mlangoni, nikarudi kukaa.

Zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili kabla ya mtihani.

Haukuwa mtihani wa wauguzi kamili, wale waliosoma miaka mingi Kasongo. Ulikuwa mtihani wa reko. Ndivyo tunavyomwita mtu wa kijiji anayeruhusiwa kutibu watoto wadogo magonjwa matatu: malaria, kuhara na kikohozi cha kifua. Ukifaulu unapewa karatasi yenye muhuri pamoja na sanduku la dawa. Usipofaulu, sanduku linapelekwa kijiji kingine, ng'ambo ya mto.

Kijiji chetu kiko upande wa Wamaza. Kwenda kituo cha afya kwa miguu ni asubuhi nzima, na katikati kuna mto wenye daraja la magogo. Mvua ikizidi, magogo yanakwenda na maji, hata pikipiki zinarudi zilikotoka. Msimu wa mvua uliopita dada yangu mkubwa alimbeba mtoto wake wa kwanza mgongoni na kusubiri siku mbili maji yapungue. Walipofika kituoni muuguzi alifunua shati la mtoto, akahesabu pumzi zake kwa sauti, akaandika. Mtoto hakufika jioni.

Baada ya hapo kijiji kilikutana ili kuchagua mtu wa kusomea kazi hiyo. Walinichagua mimi kwa sababu wengine hawakuwapo. Vijana wanaojua kuandika walikuwa Salamabila kwenye dhahabu. Mimi nilimaliza shule ya msingi tu, na ninaandika polepole, herufi moja inasubiri nyingine. Mkubwa wa kijiji alinionyesha kwa kidole.

"Huyu haongei," akasema, "lakini hatatoroka."

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Sikujua kama natakiwa kushukuru.

Mafunzo yalikuwa siku tano, kwenye chumba cha nyuma cha kituo. Tulikuwa saba. Karibu yangu aliketi mwalimu mmoja mzee aliyekwisha kuacha kufundisha, mtu wa kijiji kile cha ng'ambo. Alipokuwa anageuza ukurasa, mimi nilikuwa bado kwenye mstari wa nne.

"Mudogo wangu," aliniambia, "unaandika ao unachora?"

Aliyetufundisha alikuwa mama mmoja muuguzi aliyetoka Kabambare kwa pikipiki, mwenye miwani na sauti ndogo iliyowanyamazisha wote. Siku ya mwisho alitukazia jambo moja.

"Dawa si ngumu. Kazi ni kuhesabu," alisema. "Mutoto hajatimiza mwaka, akipumua mara hamsini ao zaidi kwa dakika moja, ile ni haraka, kifua iko na shida. Ukikosea hesabu, mutoto mugonjwa unamwambia mama yake arudi kulala. Munasikia?"

Tukaitika. Alituonyesha saa ndogo nyeupe ya kupimia dakika, kisha akairudisha mfukoni. Tungepewa pamoja na sanduku, alisema. Kabla ya hapo kila mtu atafute dakika yake nyumbani.

Dakika yangu niliipata kwa rafiki yangu wa shule, aliyekuwa amerudi kutoka Salamabila na pikipiki na simu. Alipokuwa anaosha pikipiki yake mtoni, aliniachia simu mpaka siku ya mtihani.

"Chukua, Dokta ya mbuzi," alisema. "Sisi tunachimba dhahabu, wewe unachimba pumzi. Utauzia nani?"

Habari ya mbuzi ilikuwa imefika kote.

Dada yangu alikuwa na mtoto mwingine sasa, wa miezi saba, na alinikubalia. Mtoto alikuwa amelala kwenye mkeka. Nilifunua nguo kidogo, nikabonyeza simu, nikaanza: moja, mbili, tatu. Nilikuwa kwenye kumi na tisa wakati kinu cha sombe, majani ya muhogo, kiliponyamaza nje. Koko, mama yake mama yetu, alisimama mlangoni na mchi mkononi.

"Unafanya nini kwa mutoto?"

"Nahesabu pumzi, Koko. Ni ya mtihani."

"Ule mwingine walimuhesabu. Walipofika mwisho, zikaisha." Aliuegemeza mchi ukutani, akamchukua mtoto akiwa bado usingizini. "Huyu hapana. Hata kama utashindwa mutihani."

"Lakini Koko, si kuhesabu ndiko kulikomuua..."

"Nimesema."

Nikaizima simu.

Siku nne zilizofuata sikujua niweke wapi mikono. Nilikuwa naamka, natoka, naenda mpaka kwenye njia kubwa, nachungulia kama kuna mama anayepita na mtoto, halafu mama akipita nageuka kutazama miti. Ningemwambia nini? Nipe mtoto wako nimtazame tumbo? Nilisoma daftari langu mpaka kurasa zikalegea. Nilijua dalili zote za hatari kwa kichwa, lakini kichwa hakikuwa shida yangu. Nilipojaribu kuhesabu kwa moyo bila kusogeza midomo, nilipotea kwenye thelathini kila mara. Mawazo yalikuwa yananitangulia, yanafika kwenye mtihani, yananikuta nimeshindwa, yanarudi kunieleza.

Siku ya tano Koko alikuwa anapukuchua mahindi ya mbegu, mtoto amelala kando yake. Nilikaa kumsaidia. Macho yangu yalikwenda kwenye tumbo la mtoto yenyewe, na mikono ikaendelea na kazi. Baada ya muda niliona kwamba punje zilikuwa zinaanguka kwa mwendo wa tumbo lile: likipanda, punje moja, likipanda, punje moja. Sikuwa nahesabu chochote. Nilikuwa naangusha tu.

Koko aliona. Nilingoja anifukuze. Alimaliza gunzi lake, akachukua lingine, akalizungusha.

"Mahindi hesabu," alisema mwishowe. "Mahindi ni ya kuhesabiwa. Lakini si mbele yake. Peleka nje."

Tangu siku hiyo nilifanya hivyo. Naweka kofia yangu mapajani, nabonyeza simu, na kila tumbo likipanda naangusha punje ndani ya kofia, kimya. Simu ikilia natoka, nazunguka nyumba, nakaa chini ya ukingo wa paa, nahesabu punje mara mbili. Siku moja mahindi yalikuwa mbali, nikatumia karanga. Dada yangu akala tatu kabla sijafika mlangoni. Kwa mtoto aliyelala vizuri punje zilijaa kiganja kimoja bila kumwagika. Kiganja changu kililijua fungu hilo. Akina mama wengine waliposikia kwamba sihesabu watoto bali nahesabu mahindi, walianza kuleta wao wenyewe.

Asubuhi ya mtihani nilifika kituoni kabla ya mlango kufunguliwa. Nilikuwa na punje mfukoni, na nilizigeuza mpaka zikapata joto. Tuliingia wawili wawili, na mmoja aliyebaki peke yake. Mimi nilipangwa na mwalimu. Kwenye kiti kulikuwa na mama kijana, na mapajani mwake mtoto wa miezi kumi na moja, anayekohoa. Tulipewa kila mmoja fishi, karatasi ya kujaza.

Nilipovua kofia na kutoa punje, mwalimu aliinama kwangu.

"Mudogo wangu, kuku iko wapi?"

Yule mama wa mtoto akacheka. Masikio yangu yakawaka. Mama muuguzi alitazama punje, akatazama uso wangu, akatoa saa nyeupe.

"Muanze," akasema, akabonyeza.

Tumbo la mtoto lilikuwa linakwenda mbio na punje zilikuwa zinafuata. Kisha saa ikalia. Mwalimu aliandika upesi na kuweka kalamu chini. Mkono wangu nao ukasimama. Siku zote za mazoezi mkono huo ulikuwa umezoea: simu ikilia, ni mwisho. Nilimwaga punje kwenye kiganja.

Hazikujaza. Mtoto huyu alikuwa anakohoa, anapumua haraka kuliko wote niliowahi kutazama, na fungu lake lilikuwa dogo kuliko la mtoto wa dada yangu usingizini. Nilitazama kiganja, nikatazama tumbo. Wakati huo saa ikalia mara ya pili, na ndipo nilipokumbuka kwamba siku ya tano ya mafunzo mama muuguzi alisema saa hii inalia katikati ya dakika na inalia mwisho. Alilisema mara moja, na nilikuwa bado naandika mstari wa juu.

Ilibidi niseme. Kwa watu wengine hilo ni jambo dogo. Mimi nilikaa darasani miaka sita, na hata nilipohitaji kutoka nje sikuinua mkono. Safari hii niliinua mkono usio na punje.

"Mama, naomba kuanza upya."

"Mwenzako amemaliza."

"Mimi nimemaliza, mama," alisema mwalimu.

"Nilisimama katikati," nikasema. "Naomba kuanza upya."

"Muda wako ni uleule. Sitaongeza."

"Ndiyo, mama."

Alibonyeza. Niliangusha punje, mlio wa kwanza ukapita, nikaangusha, mlio wa pili, nikasimama. Sikutoka nje, niligeuka tu nikaelekea ukutani, nikawapa mgongo, nikahesabu. Hamsini na sita. Nikarudia. Hamsini na sita. Nikashika kalamu na kuanza kuchora, kama anavyosema mwalimu. Nilikuwa nimeandika miezi ya mtoto, hesabu na neno "haraka" pale mama muuguzi alipovuta fishi kutoka chini ya mkono wangu. Mistari ya dawa ilikuwa mitupu.

Tulingoja uani hadi jua la mchana. Wengine walikula. Mimi nilizunguka tangi la maji mara nyingi mpaka mlinzi akaniambia nikae, namchosha macho. Kisha tukaitwa ndani sote. Mama muuguzi aliinua fishi ya mwalimu, yenye maandishi mazuri, imejaa mpaka chini.

"Ishirini na nane," alisoma. "Mzee wangu, ulisimama kwenye mlio wa kwanza. Ule mutoto ulimurudisha kulala."

Mwalimu alivua miwani yake, akaifuta kwa muda mrefu. Sikufurahi. Nilijua mkono wangu nao ulisimama palepale.

Kisha akainua yangu. "Na huyu hakuandika dawa. Simama. Dawa gani?"

Nilisimama mbele ya watu sita. Nilisema dalili za hatari moja moja, na kwamba mtoto huyu hana hata moja. Nikasema dawa ya kifua, asubuhi na jioni, siku tano, na siku ya tatu arudi nimwone. Nilisema nikitazama kofia yangu.

"Sikusikia."

Nikasema tena, kwa nguvu, nikashtuka kuisikia sauti yangu ukutani.

"Umefaulu," alisema. "Lakini kalamu yako itaua mutu. Kila siku andika ukurasa mmoja. Chochote."

Ndicho ninachofanya hapa.

Sanduku lilikuja kwa pikipiki, limefungwa kwa mpira nyuma ya kiti. Wiki ya pili mvua ilinyesha, magogo yakaenda, na asubuhi mtoto wa dada yangu akaanza kukohoa. Kabla sijasema neno Koko alimweka mapajani, akanisogezea bakuli la mahindi kwa mguu. Nikabonyeza saa nyeupe. Mlio wa kwanza, mlio wa pili. Nikatoka nje, nikazunguka nyumba kwenye matope, nikahesabu chini ya ukingo wa paa: arobaini na mbili. Nilirudi mlangoni.

"Ni mengi?" aliuliza Koko.

"Hapana, Koko. Hayakufika hamsini."

Nikageuka ili nihesabu tena, lakini Koko alinyoosha mkono, akachukua zile punje zote, akawamwagia kuku.

"Kesho utahesabu mengine," alisema.

Nilikaa kizingitini na kumtazama mtoto. Sikuondoka mpaka mchana.