Mangi wa Mafuta ya Kupima

Mwenye duka wa mtaani kwetu, Goba, alifariki Jumanne asubuhi, akiwa amekaa kwenye kreti la soda, kabla hajamaliza kufungua dirisha. Mtaa mzima tulimwita Mangi, jina la machifu wa Uchagani, kama tunavyowaita wenye maduka wote.

Mchana huohuo mkewe aliniita. Mimi si mwandishi wa kusomea. Nimejifunza mwenyewe, nikianza na vipande vya magazeti vilivyofungiwa vitumbua, na majirani huniletea barua zao za kuomba kazi.

"Mwanangu, niandikie wasifu wake," alisema. "Kesho usomwe hapa tukimuaga, halafu tuende nao kwao. Kule wanasema miaka yote hii alikuwa anazurura tu mjini, hata kibanda hajajenga. Nataka wajue alikuwa anafanya kazi."

Nakiri kwamba sikumlilia. Nilihangaika na koma. Niliandika mara saba. Mcha Mungu, mpenda watu, mchapakazi. Kila neno nililihamisha na kulirudisha. Sikumuuliza mkewe swali hata moja, kwa sababu niliogopa ataona sijui kazi. Nilichokuwa sikijui nilikijaza kwa nilichodhani kila mtu anakijua.

Asubuhi nilichapisha nikampelekea chini ya turubai. Alisoma akifuatisha kwa kidole. Kidole kikasimama mstari wa pili.

"Nani kakwambia alizaliwa Moshi?"

"Si alikuwa Mangi, mama?"

"Mangi wa dukani! Mume wangu Mbena, mtu wa Njombe."

Mama lishe wa pale kona, aliyekuwa amemshika bega, alipiga makofi, akacheka huku machozi yanamtoka. "Wewe mtoto ungetupeleka Uchagani! Jeneza lifike Moshi, watu wanauliza, jamani, huyu ni wa nani?"

Nimenunua chumvi kwenye dirisha lile tangu sijaanza shule. Sikuwahi kumuuliza kwao ni wapi.

Jeneza lilikuwa limeshatolewa nje na gari la msiba lilikuwa linanguruma. Muda wa kurudi kuchapisha haukuwepo. Nilichukua kalamu nikakata "Moshi", nikaandika "Njombe" juu yake. Mstari ukapinda. Karatasi ikawa imeshaharibika. Ndipo nikauliza nilichopaswa kuuliza tangu jana: alikuwaje?

"Andika alikuwa anatuunguzia vitunguu," alisema mama lishe.

Hilo sikuhitaji kuelezwa. Ukienda kununua mafuta ya kupima, Mangi alimimina kipimo kwenye chupa yako, kisha akaiacha faneli mdomoni mwa chupa mpaka tone la mwisho lishuke. Nyumbani umeacha sufuria ya vitunguu motoni.

"Mangi, inatosha bwana!"

"Haijatosha. Hilo tone umelilipia."

Hakuwahi kuinua faneli mapema, hata foleni ikimtukana. Niliyaandika hayo pale chini palipobaki peupe, kwa mwandiko wa haraka, bila kurudia kusoma. Mshereheshaji aliichukua karatasi mkononi mwangu kabla wino haujakauka.

Mkewe alirudi baada ya wiki tatu, akafungua duka. Nilimwamkia, nikampa pole ya safari, nikasimama pale na chupa yangu. Swali lilikuwa limenikosesha raha siku zote hizo.

"Kule walisoma, mama?"

"Mchungaji alisoma yote. Alipofika kwenye tone, kaka yake mkubwa akainua kichwa. Akasema baba yao alikuwa anapima ulanzi, ile pombe ya mianzi, hivyohivyo, wanywaji wanamtukana."

"Na habari ya kibanda?"

"Hakuna aliyeuliza tena."

Nikamwambia ile karatasi naweza kumchapishia upya, safi, bila neno lililokatwa.

"Ya nini?" alisema, akanyoosha mkono kupokea chupa.