Skonzi za Nyuma ya Tanuri

Niliripoti kazini Jumatatu moja ya mwezi wa saba nimevaa sweta mbili na khanga begani, na bado nilikuwa natetemeka. Anayeijua Sumbawanga ya mwezi wa saba hahitaji maelezo; asiyeijua aje na koti. Kampuni ya barabara ilikuwa imepiga kambi nje kidogo ya mji, na mimi, Leokadia, binti wa kijiji cha Pito mwenye cheti cha kidato cha nne na mwaka mmoja wa mapishi kwa masista, niliajiriwa kuwa mnunuzi wa mesi. Mesi ni jiko la kambi pamoja na chumba chake cha kulia. Mnunuzi ndiye anayetoka asubuhi kwenda kutafuta kila kitakachopikwa siku hiyo, na kikiwa kibovu lawama ni zake.

Meneja wa Kambi alinipokea akiwa amesimama. Alikuwa mtu wa maneno machache na masharubu mengi.

"Uko kwenye majaribio miezi mitatu," akasema. "Nyama unaijua?"

"Naijua, bosi."

"Mboga?"

"Nimezilima."

"Mkate?"

Hapo nikasita. Nyumbani kwetu tulikula ugali wa ulezi mchana na jioni, na asubuhi tulikula kiporo chake. Mkate ulikuwa kitu cha Krismasi. Nikajibu kwamba naujua.

"Vizuri. Maana Injinia Mkuu hali chakula cha asubuhi. Ni mtu wa Uskoti, anataka skonzi kama za kwao. Aliyekutangulia alishindwa. Ukimpatia, utapata barua ya ajira. Usipompatia, utarudi kwenu."

Kurudi Pito si adhabu kwa mtu anayependa jembe. Mimi nilikuwa silipendi. Baba alikwisha kunitengea kipande cha shamba la mahindi, na tulipoagana asubuhi ile alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. "Kazi ya kuzunguka sokoni! Nenda mwanangu, jembe lako nakutunzia." Niliitaka barua ile kuliko kitu chochote duniani, na nilitaka Baba ndiye aisome, tena kwa sauti.

Injinia Mkuu alikuwa mzee mrefu, mwekundu wa uso, mpole sana. Kiswahili chake alikuwa amejifunza kwa madereva wa magreda, kwa hiyo alijua majina ya vipuri vyote na matusi machache ambayo hakujua ni matusi. Aliniketisha akanieleza kwa mikono. Kwao, alisema, kila mtaa una bekari yake, na watu wazima wanagombana kwa ajili ya skonzi za nani ni bora. Mtu anaamka, anakwenda kununua za moto, anapasua, anatia soseji au yai, anakula akiwa amesimama. "Si tamu," akasema. "Chumvi. Juu unga. Ndani hewa." Kisha akafumba macho, nami nikamwonea huruma kama mtu aliyefiwa.

Vijana mnaosoma haya, skonzi yetu mnaijua: ina sukari, ina mafuta, inang'aa juu, ukiibonyeza inakubali yote. Ya Waskoti ni kitu kingine. Kwanza haina sukari. Donge lake linaachwa liumuke kwa saa nyingi, mpaka linapata uchachu kidogo. Skonzi hupangwa kwenye trei zikigusana mabega, ili zikiiva na kutenganishwa, ubavu uchanike mweupe. Juu hunyunyiziwa unga mkavu. Haya yote niliyajua baadaye. Siku ile nilijua tu kwamba si tamu na ndani kuna hewa.

Nilianza kuzunguka. Mji ulikuwa na bekari nne za maana: moja sokoni, moja stendi, moja ya masista, na moja njia ya kwetu Pito, ya Mzee Sadala. Nilijitungia namna ya kupima. Nilinunua skonzi mbili kila mahali. Ya kwanza niliibonyeza kwa dole gumba. Ikirudi juu haraka, donge lilikandwa vizuri. Ikibaki na shimo, mwokaji alikuwa na haraka zake. Kisha niliipasua kwa mikono, kamwe si kwa kisu, nikaangalia vitundu vya ndani na kunusa hamira. Ya pili niliiweka mpaka jioni, maana mkate wa kudanganya unajulikana jioni. Ya sokoni ilirudi juu lakini ilinuka mafuta. Ya stendi ilikuwa na hewa tupu, unakula huku unajiuliza kama umekula. Ya masista ilikuwa nzuri, ila sista wa jiko aliniambia kupunguza sukari ni kuwaonea watu. Ya Mzee Sadala ndiyo iliyobaki imara mpaka jioni.

Mzee Sadala alikuwa mtu wa Kirando, kule ziwani. Alipanda huku juu ujanani kuuza dagaa, akakuta mkate, akabaki. Nilimkuta mbele ya tanuri lake la matofali, kofia ya kufuma kichwani na koti la jeshi mwilini, anakokota makaa ya mikaratusi nje ili trei ziingie.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Unataka ngapi?"

"Nataka zisizo na sukari."

Akanitazama kwa masikitiko. "Nani anaumwa?"

Nilimweleza habari za Injinia Mkuu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba mgeni aliyetoka mbali namna hiyo hawezi kushinda njaa Sumbawanga yeye Sadala akiwa hai. Kuanzia siku ile tukawa kitu kimoja. Tulipunguza sukari, tukaiondoa kabisa, tukaongeza chumvi. Baridi ya huku Ufipa ilikuwa inaigomesha hamira, donge linalala tu. Mzee Sadala akalifunika kwa blanketi lake mwenyewe, na mkewe, niliambiwa, hakufurahi. Kila asubuhi nilipeleka mesi kikapu kipya, na Injinia Mkuu alionja kwa makini kama anayepima kokoto za barabara. Mwanzo alisema, "Mkate wa watoto." Baada ya wiki tatu, "Afadhali." Baada ya wiki sita, "Karibu," yaani bado kidogo tu.

Hapo kwenye "karibu" tukakwama. Tulibadilisha unga, tukabadilisha chumvi, yeye ni "karibu" tu. Ndipo siku moja akaniambia, "Mwambie aoke zaidi. Juu iwe nyeusi."

Niliupeleka ujumbe. Mzee Sadala aliweka chini ule ubao wake wenye mpini mrefu wa kuingizia trei.

"Nyeusi? Nimpe mgeni kilichoungua? Wakisikia Kirando watasema Sadala amerukwa na akili."

Nami, Mungu anisamehe, nilikubaliana naye. Kwetu ukoko wa chini ya sufuria ni wa mpishi na wenyeji. Mgeni anapakuliwa cha juu, cheupe, kisicho na doa. Niliamini Injinia Mkuu ametusemea maneno ya adabu, yale ya mgeni anayesema "msijisumbue, hata kibichi nitakula." Maneno hayo husikilizwa, hayatekelezwi. Basi nikarudi nikamwambia Injinia Mkuu kwamba Mzee amekubali, na kesho yake tukampelekea nyeupe kuliko zote tulizowahi kuoka. Alitafuna polepole, akanitazama, akatazama skonzi.

"Karibu," akasema kwa unyonge.

Zikabaki siku tano za majaribio. Meneja wa Kambi alinikuta stoo nikipanga viazi akaniuliza kama kwetu mvua zimekaribia. Nilielewa. Nilikwenda nyuma ya stoo nikalia kidogo, nikafuta uso, nikarudi kwenye viazi.

Ijumaa asubuhi Injinia Mkuu alinisubiri langoni, ufunguo wa gari mkononi. "Leo twende wote," akasema. Sikuwa na namna ya kumkatalia. Tulipofika, Mzee Sadala alihangaika kama aliyetembelewa na mkuu wa mkoa: akafuta kiti, akavua koti, akalivaa tena kwa sababu ya baridi, akaleta trei ya skonzi zilizochaguliwa moja moja, nyeupe pe. Injinia Mkuu alishukuru, lakini pua yake ilikuwa kwingine. Akauzunguka ukuta wa tanuri, sisi nyuma yake tukimwita.

Huko nyuma waokaji wawili walikuwa wanakunywa chai. Lazima niwaeleze kwamba tanuri la kuni haliwi na moto sawa kila mahali. Sehemu ya ndani kabisa ndiyo kali, na skonzi zinazokaa huko hutoka zimeungua juu, ganda jeusi linalopasuka. Hizo haziuzwi. Ni chakula cha waokaji. Walikuwa wamezipasua zikiwa za moto, wakatia dagaa wa Kirando waliokaangwa na pilipili. Walipomwona mzungu waliruka, mmoja akaifunika trei kwa aproni yake kwa aibu.

Injinia Mkuu akaiinua ile aproni. Akachukua moja, na dagaa wake. Mimi nilifumba macho. Nilimwona Baba amesimama mlangoni na jembe langu. Kisha nikasikia ganda linavunjika, kra.

Nilipofumbua macho alikuwa amekaa juu ya gunia la unga.

"Hii," akasema. "Hii! Miezi mitatu mnanificha hii?" Machozi yalikuwa yanamtoka, akasingizia pilipili. "Nani anakula hizi kila siku?"

"Sisi, bosi," akajibu mwokaji mmoja, akiwa tayari kufukuzwa.

"Nyinyi matajiri sana."

Mzee Sadala alinivuta pembeni. "Leokadia," akaninong'oneza, "huyu mtu anataka ukoko!"

"Tena na dagaa, mzee."

Tukacheka mpaka Mzee akashika ukuta. Injinia Mkuu alikula nne. Tangu siku ile trei moja nzima ilikaa ndani kabisa ya tanuri kila asubuhi kwa ajili ya mesi, na waokaji walilalamika kwamba mzungu anawamalizia chakula. Mwisho wa kazi yake, alipokuja kuaga, alisema skonzi za Sadala ni za pili kwa ubora duniani. Mzee akataka kujua za kwanza ni za nani. "Za mtaani kwetu," akajibu. Mzee alipokea jibu hilo kwa heshima, na mgeni alipoondoka akaniambia kwamba huyo anajipendelea tu.

Barua ya ajira nilipewa Jumatatu iliyofuata ile Ijumaa. Meneja wa Kambi alinikabidhi akasema, "Usiiunguze," na huo ndio utani pekee niliowahi kumsikia. Jumapili yake, baada ya misa, Baba aliisoma uani mbele ya majirani, polepole, mara mbili, na mara ya pili alisimama. Kisha akaingia ndani, akatoa jembe langu, akampa mdogo wangu, ambaye hajanisamehe mpaka leo.

Barabara iliposonga mbele, nikahama pamoja na kambi hadi Mwimbi. Huko hapakuwa na bekari hata moja, ikabidi nimtafute fundi tujenge tanuri sisi wenyewe. La kwanza lilipasuka kwa mvua, la pili likasimama, na akina mama wa pale wakanifundisha kuchanganya unga kidogo wa ulezi, ganda likiungua linanukia uani kote. Baadaye nilishushwa Kirando, na huko kila nilichokijua kikageuka. Joto la ziwani linalikimbiza donge. Ukigeuka kumsalimia mtu, limemwagika nje ya beseni. Nilipunguza hamira mpaka nusu nikakandia maji yaliyolala mtungini. Msimamizi wa Kambi wa kule aliniambia siku ya kwanza, "Mama, mimi mkate sili. Nipe ugali na samaki wa migebuka." Nilimpenda sana bosi yule.

Mwishowe nilirudi Sumbawanga kuwa msimamizi wa mesi ya chuo kimoja, na hapo ndipo nilipomalizia. Wasichana waliofanya kazi chini yangu niliwafundisha dole gumba, kupasua kwa mikono, kungoja mpaka jioni. Niliwaambia pia kwamba ukiingia bekari, usiishie mezani wanapouzia. Zunguka nyuma, uone wenyewe wanakula nini. Na mtu akikwambia anachopenda, kwanza mwamini. Hilo lilinichukua miezi mitatu na machozi ya nyuma ya stoo.

Mwaka jana nikastaafu. Chuo kiliniandalia sherehe, na skonzi zilitoka kwa Zuhura, binti wa Mzee Sadala, ambaye ndiye mwenye bekari siku hizi. Nilikalishwa meza kuu na gauni langu jipya, Mkuu wa Chuo akahutubia, na Zuhura akaniwekea mbele kikapu kilichofunikwa kitambaa cha kudarizi. Nikafunua. Zilikuwa nyeupe zote, zimechaguliwa moja moja, hakuna hata yenye doa.

"Zuhura," nikamnong'oneza, "za nyuma ya tanuri ziko wapi?"

Alishtuka kweli. "Mama! Leo wewe ndiye mgeni rasmi. Nikupe zilizoungua, watu watanionaje?"

Nilicheka mpaka Mkuu wa Chuo akanyamaza katikati ya hotuba. Nikaomba radhi, nikainuka, nikakusanya gauni langu, nikaelekea jikoni. Wapishi walikuwa wamekaa kwenye magunia, wanakunywa chai. Waliponiona waliruka, na mmoja akaifunika trei kwa aproni.

"Kaeni, kaeni," nikawaambia, nikajitafutia gunia langu. "Mimi si mgeni hapa. Dagaa wako wapi?"