HDR software iliyomfuta jirani mlangoni kwenye picha ya tembe la bibi

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Haya yamenikuta mimi mwenyewe mwaka huu, sijatia chumvi. Wavivu wa kusoma rukeni mpaka chini, sitanuna.

Nafanya kazi ofisini pale Mtumba, Dodoma, weekend napiga picha. Bibi yangu mzaa mama yuko kijijini Kibakwe, alikuwa anaishi kwenye tembe, ile nyumba ya udongo yenye paa bapa. Ndani giza, mwanga wote unaingia mlangoni.

Wajomba wakamjengea nyumba ya bati pembeni. Tembe likapangiwa siku ya kubomolewa, maana paa lilishaanza kushuka.

Mama akanipigia simu. "Nenda kampige picha mama akiwa ndani kabla hawajalibomoa. Mimi nimezaliwa mle." Nikaenda.

Sasa kwa wasiojua: jicho linaona giza la ndani na jua la nje kwa pamoja, camera haiwezi. Ukipata bibi vizuri, mlangoni panakuwa peupe pee. Ukipata mlango, bibi anakuwa kivuli. Ndiyo maana kuna HDR: unapiga picha tatu, ya giza, ya kati na ya mwanga, halafu software inaziunganisha.

Nikamkalisha bibi kwenye kigoda karibu na mafiga. Nje yanaonekana mabua ya mahindi na vilima.

"Bibi, usitikisike."

"Mume wangu, leo unaniamrisha?" Ndivyo anavyoniita tangu nikiwa mdogo.

Camera yangu ya zamani, setting nabadilisha kwa mkono. Nikapiga ya kwanza, ile ya giza, safi. Nikiwa naandaa ya pili, jirani yake Mama Neema akasimama mlangoni.

"Mbukwenyi!"

Wenyeji wa huku mnajua. Salamu haingojei camera. Bibi akageuka, akainua mkono, akaitikia, wakaulizana habari za nyumbani, za watoto, za mifugo. Mimi nikaendelea kubonyeza tu. Mpaka ya tatu, Mama Neema alikuwa ameshageuka anaondoka.

Nikaomba turudie. Bibi akakataa katakata. "Umeshapiga. Mboga yangu inaungua."

Kesho yake asubuhi wajomba walishika majembe na nyundo, na mpaka jua linawaka tembe lilikuwa rundo la udongo. Bibi aliangalia mwanzo, kisha akaingia nyumba mpya akafunga mlango. Roho iliniuma, wakuu. Picha zangu tatu ndizo zilizobaki.

Nikarudi Dodoma, nikafungua laptop. Majina ya software sitaji, nisije nikaambiwa nimelipwa.

Ya kwanza ilikuwa ya bure. Sura yake ya kizamani, na kwenye picha bibi akatoka na vichwa viwili, maana aligeuka. Nikaifunga.

Ya pili ni app ya simu. Ukuta ukawa wa machungwa, bibi anang'aa kama kapakwa mafuta ya kupikia. Nikaifuta kabisa.

Ya tatu ya kulipia, nikatumia trial. Hii ina kitu kinaitwa deghost, inaondoa chochote kilichosogea kati ya picha moja na nyingine. Click moja tu. Bibi kichwa kimoja, ukuta una masizi yake yale yale, vilima vyote vinaonekana. Nilifurahi mpaka nikasimama. Nikaprint kubwa, nikafunga safari ya Kibakwe.

Bibi akaishika picha, akaisogeza karibu na macho.

"Mama Neema yuko wapi?"

Nikaangalia. Mlango mtupu. Software ilichukua mlango kutoka picha ya kwanza, bibi ikamchukua kutoka ya pili, mkono juu, mdomo wazi. Mimi nilikuwa nahesabu vichwa tu, hilo sikuliona.

"Hapa naongea na nani? Siku yangu ya mwisho ndani ya nyumba yangu, umeniacha peke yangu kama kichaa, nasalimiana na mlango."

Alisema kwa utani, ila hakuitundika. Aliigeuza ikatazama ukuta.

Nilinyongea njia nzima.

Nikarudi kwenye ile ya bure niliyoidharau. Kumbe ndani kabisa kwenye menu kuna brush: unapaka sehemu, unaiambia hapa chukua picha ya pili. Nikapaka bibi. Nikapaka mlango wote. Vilima vikapotea kwenye mwanga, lakini Mama Neema akarudi, amesimama, mkono kwenye mwimo wa mlango.

Kiufundi ni picha mbovu kuliko ile ya kulipia. Mkinisema nastahili.

Ndiyo iliyotundikwa sebuleni kwa bibi. Mama alipokuja kuiona alikaa chini ya hiyo picha akalia kidogo, akacheka kidogo, akasema, "Ndivyo palivyokuwa. Hapakukosa mtu mlangoni."

Nilichojifunza: kabla hujauliza software ipi inatoa picha kali, uliza ipi inakuuliza kabla ya kufuta mtu. Na jaribu ya bure mpaka ndani ya menu zake.

Wenye uzoefu na HDR za vyumba vyenye giza, mnatumia nini? Wenye matembe bado yamesimama kwenu, mmeshayapiga picha?

Mlango uko wazi. Ukipita, salimia kwanza.