Sensa ya Pampu ya Masumbwe

Mimi ushirikina siupendi, na mtu akinianzia habari za mizimu nikiwa na spana mkononi, namfukuza. Lakini ile sensa, kile kidude cha kupimia joto la mashine, mh!

Shemeji yangu, mjane wa kaka, ana boti ya kuvusha wagonjwa kutoka visiwani hadi mwaloni kwetu, boti zinapotia nanga. Siku moja gia yake iliungua katikati ya ziwa, wamembeba mjamzito aliyeshikwa na uchungu. Akanijia. "Shemeji, niwekee kitu cha kunionyesha joto kabla gia haijafa."

Nilizunguka maduka ya Geita mpaka kwa Wahindi wa Shinyanga, sensa ya kuingia pale hakuna. Niliyokuwa nayo ni ya pampu iliyokuwa ikivuta maji kwenye duara kule Masumbwe, shimo la dhahabu alimofia kaka. Msibani nilimwambia shemeji kwamba pampu ilikufa yenyewe, maji yakajaa. Basi sikumwambia sensa nimeitoa wapi.

Nikaikereza, nikakata nyuzi za skrubu upya, nikaivalisha bushi ya shaba ili ibane. Nikaichovya kwenye maji ya moto, mshale wa geji ukapanda vizuri. Ya baridi, ukashuka. Nikajipiga kifua, nikaifunga kwenye gia.

Asubuhi shemeji akapanda botini kuiona. Mashine haijawashwa, mshale ukaanza kupanda. Nikashika gia: baridi kama mtungi. Nikakagua waya zote, nikabadilisha geji, nikatukana weee. Akishuka, mshale unalala. Akipanda, unapanda naye taratibu, unasimama kwenye alama nyekundu. Nywele zilinisimama, sioni aibu kusema.

"Shemeji, hii umeitoa wapi?"

Njia ya mwongo ni fupi. Nikamwambia.

Akaweka kidole kwenye ile alama nyekundu. "Siku ile mshale ulifika hapa?"

"Ulifika."

"Na kaka yako alikuwa bado hai huko chini?"

"Alikuwa anagonga bomba. Niliogopa pampu itaungua. Nikaizima ipoe kidogo. Kidogo tu, shemeji."

Hakulia. Alikaa kwenye ubao, akaweka kiganja juu ya gia.

"Washa," akasema. "Na usizime mpaka nikwambie."

Nikawasha. Harufu ya oili inayoungua ilipoanza kutoka nilimwangalia. Hakusema kitu.