Waya wa Mlola na Injini Isiyonunuliwa

Sikwenda Mlola kutalii. Kikundi cha wanawake wakulima kilikuwa kimeletewa mashine ya kushushia kabichi kutoka mashamba ya juu, kikataka mtu asiyeiuza aitazame kabla hawajachanga fedha. Mimi nafundisha ufundi wa mitambo Korogwe, na nikisikia mashine mpya situlii. Nilikubali kabla hata ya kuuliza nauli.

Alfajiri niliondoka nyumbani, na Mombo nikapata lifti kwenye Fuso lililokuwa likifuata mboga. Tulipanda kona za Soni, tukapita Lushoto mjini bila kusimama. Magamba, pembeni mwa msitu, baridi ilinipenya nikajuta kuacha sweta. Dereva alinicheka: "Watu wa bondeni mna tabu nyie!"

Saa nne nilikuwa Mlola. Mwenyeji wangu, Bi Mwanaidi, alinisubiri barabarani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Onga mshi," akaongeza salamu ya Kisambaa. "Karibu, chai ipo."

Shamba lake ndilo la juu kuliko yote, na magoti yake yamechoka. Wanawe walikuwa wameshampatia mtu wa kulikodi. Bila mashine hii, msimu ule ungekuwa wake wa mwisho kulima. Alinieleza hayo huku akinimiminia chai, na sauti yake ilinitia simanzi.

Tulipanda shambani baada ya chai, pamoja na wanawake wa kikundi. Mashine niliipenda mara moja, nikajionya nisiipende upesi. Huko juu waya wa chuma umepitishwa kwenye ringi ya gari, na kila ncha imefungwa kreti la mbao linaloteleza hadi barabarani. Kreti lenye kabichi likishuka, lile tupu linapanda. Breki ni ubao uliopigiliwa kipande cha tairi, unaokandamizwa kwenye ringi.

Nilimwomba aliyeibuni, fundi Hoza, abaki chini, nikamkabidhi Bi Mwanaidi breki. Gunia la kwanza alilishusha kwa woga, la pili huku anapiga soga. Sikuona kipuri hata kimoja kisichopatikana gereji ya kawaida. Nikaandika kwenye daftari: rahisi.

Tatizo lilikuwa nyongeza ya Hoza: injini ya petroli ya kupandishia samadi. Bei yake peke yake ilizidi ya vingine vyote.

"Injini ya nini?" nikamwuliza alipopanda kwetu. "Weka samadi kwenye hilo kreti tupu. Kabichi ikishuka itaivuta."

Tukajaribu. Nusu gunia la samadi lilipanda taratibu, wanawake wakapiga vigelegele, nami nikajiona bingwa. Bi Mwanaidi hakushangilia.

"Mwalimu," alisema kwa upole, "samadi tunapandisha kabla ya kupanda miche. Wakati huo kabichi ya kushusha iko wapi?"

Nilitahayari. Miaka yote ninafundisha uzito na mvuto, na swali hilo halikunijia.

"Si ndiyo maana nikasema injini!" Hoza akadakia.

Wanawake walitazamana. Fedha ya injini hawakuwa nayo, na petroli ingewala kila msimu. Bi Mwanaidi aliinama, akaokota jiwe miguuni pake.

"Na haya je? Yamejaa humu, kila mwaka yananivunjia majembe. Yashuke haya, samadi ipande."

Tulijaza kreti mawe. Safari hii likapanda gunia zima la samadi, na Hoza mwenyewe ndiye aliyecheka wa kwanza. "Mama, leo umeniua," akasema. Kikundi kikakubaliana kununua waya na makreti, bila injini.

Saa kumi nilirudi na Fuso, sasa limesheheni kabichi. Njia nzima nilikuwa najichekea. Nilikwenda na spana na daftari, na sikumuuliza mwenye shamba mzigo wake anaubeba mwezi gani. Siku hizi ndilo swali langu la kwanza.

Misimu miwili baadaye Bi Mwanaidi alinipigia simu. Mtu wa kukodi shamba alikuwa ameshakataliwa zamani.

"Mwalimu, mawe yanakaribia kwisha. Sasa nitashusha nini?"

"Sijui, mama," nikamwambia, nikavuta daftari. "Wewe unafikiriaje?"